Mpiga Picha Hayumo

Jumapili, 1 Juni

Zimefika tende za kwanza za mwaka, naghal, kutoka kwa binamu yetu Sleyum wa Qurayyat. Nilizipokea mlangoni nikampelekea ndugu yangu Muhsina sebuleni. Aliponiona alivuta mtandio akafunika kichwa, akageukia ukutani, akaita jikoni: "Hasina, kuna mwanamume ndani. Mwambie akae nje."

Hasina ni msaidizi wetu wa nyumbani, mtu wa Tanga. Alimjibu, "Huyo Mwalimu, Bi Muhsina. Huyo kaka yako Humaid."

"Kaka yangu nnamjua," alisema Muhsina.

Husemwa "ninamjua". Sikumwambia.

Naanza kuandika leo ili pawepo na kumbukumbu isiyotegemea kichwa cha mtu. Muhsina na mimi tunaishi pamoja katika nyumba hii ya Bawshar tangu alipofariki mumewe, Saeed. Mke wangu alikuwa amekwisha kututangulia, na sikujaliwa mtoto. Sasa Balqis, binti yake Muhsina, anataka kumhamishia kwake Mabela. Hoja yake ni moja na sikuweza kuipangua: mwanamke hawezi kukaa kutwa amejifunika ndani ya nyumba yake mwenyewe kwa sababu ya mwanamume asiyemtambua. "Mjomba, nakupa msimu huu wa tende," aliniambia. "Ukimalizika na hali ni hii hii, namchukua." Nilimjibu kwamba mkubwa hapewi msimu, huombwa. Akaniomba.

Balqis ana haraka. Alikuwa hivyo hivyo tangu utotoni.

Daktari ameshauri Muhsina aonyeshwe picha za watu wake. Kwa picha hatuna upungufu. Ualimu ulikuwa kazi yangu, kamera ilikuwa mapenzi yangu. Nimepiga harusi, Idi, safari na majirani tangu tulipotoka Unguja kuja nchi hii ya Kiarabu tukiwa vijana. Makasha yamejaa kabati. Kila alasiri nitaketi naye na picha moja. Nitaketi karibu na mlango, asiogope.

Jumatatu, 2 Juni

Joto. Amewataja wote waliomo katika picha ya harusi ya Balqis, pamoja na wapishi. Hakunitazama.

Ijumaa, 6 Juni. Idi

Balqis alikuja na mumewe Khattab na binti yao Raghad, anayesoma chuo kikuu, pamoja na jamaa wengine wa Mabela. Niliwapanga uani mapema, kwani jua la Juni likishavuka ukuta huzipausha nyuso zote. Kamera niliisimamisha juu ya miguu yake mitatu. Wazee vitini, vijana nyuma yao.

Muhsina alikaa katikati. Kama ilivyo ada yake, aliacha kiti kitupu mkono wake wa kulia.

"Songeeni," nilisema. "Pengo hilo linaharibu picha."

Hakusonga mtu. Nikarudia. Khattab akahamia kiti kile taratibu, na Muhsina akamtazama kama aliyekanyaga msala wake.

"Babu, ingia na wewe," alisema Raghad. "Mimi nitapiga kwa simu."

"Mpiga picha hapigwi."

"Hiyo methali, au umeitunga sasa hivi?"

"Ni kanuni."

"Kanuni gani hiyo ya kumnyima mtu hata picha moja ya kuwaachia wajukuu?"

"Wajukuu wananiona mzima mzima. Inua kidevu."

Walicheka. Muhsina naye alicheka, kisha akamwuliza Balqis kwa sauti iliyosikika na wote, "Huyu bwana mpiga picha mmemtoa wapi? Mkali."

Kicheko kilikatika. Wakati huo huo nilibonyeza kitufe. Katika picha, kila mtu ana uso wa aliyeacha kucheka sasa hivi, isipokuwa Muhsina.

Jumamosi, 7 Juni

Picha ya jana imewekwa katika kundi la WhatsApp la ukoo. Chini yake Raghad ameandika: "Babu humo." Nilimpigia simu.

"Umekusudia nini?" nilimwuliza. "'Humo' ina maana mbili. Ya kwanza ni ya kuonyesha: humo, ndani ya kitu tulichokwisha kukitaja. Ya pili ni ya kukanusha: mimi simo, wewe humo, yeye hayumo. Maneno mawili yenye sura moja. Ulivyoandika, msomaji hajui kama nimo au simo."

"Babu, nimesema tu kwamba haumo."

"'Haumo' ni mti, au mkate. Wewe humo. Lakini weka mkato baada ya 'Babu'."

"Haya. Babu, mkato, humo."

Mtego huo niliuweka katika mitihani miaka yote niliyofundisha, na wanafunzi waliniapiza kwa sababu yake.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeichapisha picha ya Idi kwa ukubwa, kwani simu hazimfai Muhsina. Aliigusa kila sura kwa kidole na kuitaja kwa jina. Balqis, Khattab, Raghad, wote hadi mtoto mchanga wa mwisho. Nilianza kufurahi. Kisha kidole kilirudi kwa Khattab, katika kiti kile, kikasimama.

"Mmoja hayumo," alisema.

"Nani?"

"Mmoja. Hayumo humu."

Nilidhani anamtafuta Saeed, nikamletea picha ya Saeed. Akasema, "Huyu mume wangu, Mungu amrehemu. Huyu nnajua alipo."

Naandika maneno yake kama yalivyotoka kwa sababu ni sahihi. Hayupo ni wa mahali panapojulikana, hayuko ni wa kusikojulikana, hayumo ni wa ndani. Amepoteza majina ya miezi, lakini maneno haya matatu hajayachanganya.

Jumatano, 11 Juni

Picha ya safari ya Nizwa. Mmoja hayumo.

Alhamisi, 12 Juni

Picha ya akika, karamu ya kuzaliwa Raghad. Mmoja hayumo.

Jumapili, 15 Juni

Upepo wa gharbi tangu asubuhi, vumbi hadi ndani ya sukari. Sikumwonyesha picha. Alasiri nilimsikia akimwambia Hasina, "Mwite bwana wa picha." Ndilo jina langu sasa.

Ijumaa, 20 Juni

Khattab alituchukua sote Qurayyat, shambani kwa Sleyum. Tende za khunaizi zimeiva, nyekundu kama matofali. Muhsina alitandikiwa mkeka chini ya mitende akaletewa shada zima, akawa anachuma na kula, anachuma na kuwagawia, na mtandio umemwangukia mabegani. Kwa muda ule nilikuwa nyuma yake, hakunijua kuwa nipo.

Sleyum ananizidi kelele, hajanizidi umri. Alisikia nikimsahihisha mfanyakazi wake akasema, "Humaid, wewe ukifa, wale malaika wawili wa kaburini watakuuliza Mola wako nani, na wewe utawaambia swali wamelipanga vibaya."

"Wakilipanga vibaya, wataambiwa."

Niliwapiga picha alasiri, jua likiwa nyuma yangu na liko chini. Muhsina alikaa mbele. Kuliani kwake paliachwa nafasi. "Songeeni," nilisema, na Sleyum akasonga.

Njiani kurudi Muhsina alimwuliza Balqis mara kwa mara, "Na kaka Humaid tunamwacha?" Nilikuwa kiti cha mbele, karibu na Khattab. Balqis alinitazama kupitia kioo.

Jumanne, 24 Juni

Nimefanya kosa la mwanafunzi. Mpiga picha akilipa jua kisogo wakati wa alasiri, kivuli chake huingia katika picha. Katika picha ya Qurayyat kuna kivuli kirefu cha mwanamume, kinaanzia ukingo wa chini, kinapita juu ya mchanga, na kichwa chake kimelala miguuni mwa Muhsina.

Aliisukuma picha ile mezani.

"Huyu nani?"

"Kivuli tu."

"Cha nani?"

"Cha mpiga picha."

Hakuridhika. Alitaka za zamani, nikamletea kasha la kwanza, kisha la pili. Siku zote nimejiona mwangalifu. Lakini macho yake yalikipata kile nilichokipita mimi kwa miaka: kivuli kipo Nizwa, juu ya ngazi za ngome. Kipo Mutrah, Balqis akiwa na kilemba cha karatasi cha shule. Kipo kwenye ukuta siku ya harusi ya jirani. Mara mabega, mara kichwa tu, mara viwiko viwili vilivyoinuliwa kama masikio. Alizitenga picha hizo upande mmoja, akazilaza moja baada ya nyingine, na kila moja ilikuwa na yule mtu miguuni pao.

"Kivuli kimo," alisema, "mwenyewe hayumo."

Akaanza kulia bila sauti. "Basi kaka yangu kafa, wasiniambie. Aliye hai hawi kivuli kila mahala."

Niliinuka pale mlangoni nikamwendea. "Muhsina. Ni mimi."

Alivuta mtandio. "Usinitanie, bwana, na huzuni hii. Kaka yangu nikimwona nnamjua."

Jumatano, 25 Juni

Taa ya ukumbini iko nyuma ya mtu anayeingia sebuleni. Sikuwahi kuliona hilo. Kivuli changu hutangulia sakafuni kabla yangu, naye hukiona, na nifikapo amekwisha kujifunika.

Nimemwambia Hasina aizime taa hiyo mchana.

Ijumaa, 27 Juni

Mwaka mpya wa Kiislamu. Muhsina amefunga. Aliniombea dua njema, kama mtu anavyomwombea mgeni.

Alhamisi, 3 Julai

Tende za khalas zimeanza. Amezila vizuri. Mmoja hayumo.

Jumatatu, 7 Julai

Balqis amepiga simu kuuliza hali. Nilisema ni nzuri. Hili si sahihi, nami nililitamka kwa matamshi mazuri kabisa.

Ijumaa, 11 Julai

Yaliyotokea leo nitayaandika kwa mpangilio wake, kwa sababu ukoo mzima utayasimulia kwa mpangilio mwingine.

Baada ya swala ya Ijumaa sikurudi nyumbani. Nilikwenda kumjulia hali mwalimu mwenzangu anayeumwa. Simu ya mkononi siichukui msikitini, hiyo ni kanuni, kwa hiyo ilikuwa nyumbani, chumbani kwangu. Sleyum aliipigia hiyo kwanza, haikupokelewa. Akapiga ya mezani. Hasina alikuwa jikoni na mikono ina unga. Muhsina akaipokea.

Hasina aliyasikia ya upande wake. Alisema, "Humaid? Hatunaye." Kisha akasema, "Sijui lini, mie sikuambiwa." Kisha akalia, akaiweka simu.

Nilirudi karibu na alasiri. Barabara yetu ilikuwa imejaa magari na mlangoni palikuwa na viatu vingi, vya kike upande huu na vya kiume upande ule. Jirani yetu Salem alikuwa amesimama hapo kwa niaba ya wenye nyumba, ameinamisha kichwa kwa adabu. Alinipa mkono bila kuniangalia akasema, "Adhama Llahu ajrakum," Mungu aukuze ujira wenu. Nami, kwa mazoea ya umri wangu, niliitikia kama inavyoitikiwa. Kisha nikamwuliza ni nani aliyefariki.

"Humaid," alisema, akainua uso.

Sijapata kumwona mtu akitaka kukimbia na asiwe na pa kukimbilia. Aliushikilia mkono wangu akaupapasa, kama mtu anayepapasa kitambaa dukani.

Ndani, wanaume walisimama wote kwa pamoja. Mmoja alikuwa na kikombe cha kahawa na tende mdomoni, tende zangu. Niliwaamkia. Waliniitikia kwa kuchelewa. Khattab alikuwa kwenye simu akiuliza kuhusu jeneza, akaishusha simu hiyo polepole bila kuikata, na sauti ya mtu wa upande wa pili ikaendelea kusema "ndiyo, ndiyo, urefu wake?"

Sleyum alifika baadaye, ameendesha kutoka Qurayyat na kilemba kimelegea. Aliniona nimesimama katikati ya ukumbi.

"Nimelia njia nzima," alisema. "Njia nzima, Humaid, hata polisi wamenisimamisha wakanipa maji. Na wewe umesimama hapa?"

"Nilikwenda kumtazama mgonjwa."

"Ungekuwa na adabu, ungekufa."

Kisha akanikumbatia, na hakuniachia hadi mabega yake yalipotulia. Nimemjua tangu utotoni kuwa ni mtu wa maneno. Leo nilijua kwamba maneno yale huyaweka juu, kama mtu anavyofunika chungu.

Balqis alinijia akanishika mkono. "Mjomba, njoo kwa mama. Tumemwambia u hai, hasikii. Huenda akikuona."

Muhsina alikuwa amekaa katikati ya wanawake, mtandio mweupe, msahafu mapajani. Nilisimama kizingitini. Alijifunika vizuri, akaniangalia kwa upole kuliko siku zote.

"Bwana wa picha. Hata wewe umekuja, ahsante. Ulimjua kaka yangu?"

Wanawake wote walinitazama. Nilikuwa na sentensi tayari, kiima na kiarifu, mimi ndiye yeye. Haikutoka.

"Kidogo," nilisema.

"Alikuwa mkali. Huwezi kusema neno asilitengeneze. Lakini hakupata kusema uongo, na hakupata kuniacha." Akafuta macho. "Una picha yake, bwana? Sura tu. Nnaanza kuisahau."

"Nitaitafuta."

"Mungu akulipe."

"Na wewe akupe subira," nilimwambia, na nilimwambia kwa dhati, kwa kuwa aliyekuwa mbele yangu alikuwa mfiwa.

Jumapili, 13 Julai

Hatunaye. Nimelichambua tangu juzi. Ha, kikanushi, tu, sisi, na, kuwa na kitu, ye, yeye. Hatuko pamoja naye kwa wakati huu, kwani yuko msikitini. Au: amefariki. Sleyum hakukosea kulisikia. Muhsina hakukosea kulisema. Nimefundisha kwamba panapotokea kutoelewana lazima liwepo kosa la mmoja. Hapa silioni.

Jumatano, 16 Julai

Nimetafuta picha niliyomo. Kasha la kwanza, hakuna.

Alhamisi, 17 Julai

Hakuna.

Jumapili, 20 Julai

Unyevu mkubwa, vioo vinatoka jasho. Nimemaliza makasha yote. Harusi zote, safari zote, maziko hata, vitoto vilivyozaliwa na kuoa na kuzaa. Watu wote niliowajua wamo. Mimi nimo kama kivuli tu.

Nilimwonyesha Muhsina kitambulisho changu cha uraia, kwa kuwa ndicho kilichobaki. Alikitazama kwa haki. "Mzee huyu simjui," alisema. "Kafanana kidogo na marehemu baba."

Jumatatu, 28 Julai

Balqis alikuja peke yake. Nilijua lililomleta. Nilimwandalia kahawa mwenyewe, akanywa, akageuza kikombe kwamba imetosha, tukakaa.

"Sitazungumza habari ya Mabela leo," alisema. "Nimekuja kutazama picha."

Tulizitandaza zulia zima. Niliendelea kumweleza nilichokitafuta, akawa ananisikiliza huku akizipanga, na nikadhani hanisikilizi. Kisha akaninyooshea moja ya zamani, yeye akiwa binti mdogo, amesimama kando ya kiti cha mama yake.

"Unaona hapa, Mjomba?"

"Pengo. Niliwaambia msonge."

"Ulisema 'songeeni', baba akasonga nusu, ukapiga. Hii nyingine. Pengo. Hii. Hii baba alisonga kabisa, tazama uso wa mama." Aliziweka safu. "Tulipokuwa wadogo tukitaka kukaa pale, mama alitupiga vidole. Akisema, 'Hapo ondokeni, hapo pa Humaid.'"

Niliisogeza ile picha karibu na macho.

"Alikuwa akikungoja uje ukae. Kila picha. Akisema, safari hii ataweka ile saa ya kamera, atakuja mbio. Hukuja, lakini kila safari aliacha. Mie nilidhani unajua."

"Sikujua."

"Ulidhani hajui kupangwa."

Ndivyo nilivyodhani. Nilidhani ni uzembe wa mtu mmoja, uliojirudia maisha yake yote, na nikausahihisha maisha yangu yote.

Balqis alizikusanya picha bila haraka, akazirudisha kila moja katika kasha lake. Niliandika mwanzoni mwa Juni kwamba ana haraka. Naliacha neno hilo pale lilipo, lakini natia hapa kwamba halikuwa sahihi.

Alipokuwa akivaa viatu nilimwambia, "Mchukue mama yako msimu ukimalizika. Anaogopa hapa. Ila tupige picha kwanza."

Ijumaa, 1 Agosti

Amelala vibaya, kwa maneno ya Hasina. Msiba ameusahau, anamngojea kaka yake aletwe.

Jumapili, 10 Agosti

Mmoja hayumo.

Ijumaa, 22 Agosti

Walikuja wote, Sleyum pia, na debe la fardh, tende za mwisho. Niliwapanga uani kwa namna ile ile ya Idi. Wazee vitini, vijana nyuma. Muhsina katikati, na kiti kitupu kuliani kwake.

Hakuna aliyesonga, na sikusema wasonge.

Nilipima mwanga. Nilimwita Raghad, nikamwonyesha kitufe.

"Mimi?" alisema. "Babu, kamera hii hata kuifuta vumbi hatujaruhusiwa."

"Hujaruhusiwa kuifuta. Bonyeza taratibu, usiisukume. Na wewe utapigwa peke yako baadaye, usije ukawa kama mimi."

Hakufanya mzaha tena. Nilivuka ua. Ni ua mdogo, nimeuvuka kila siku, lakini sikupata kuuvuka kutoka upande ule kuja upande huu huku watu wote wakinitazama. Nilipofika kwenye kiti Muhsina aliweka mkono juu yake.

"Samahani, bwana," alisema kwa sauti ndogo, asiniaibishe. "Hapo pana mwenyewe."

Sleyum alikohoa. Balqis aliinamisha uso. Nilifikiri maneno mengi, mengine ya ukweli.

"Najua," nilimwambia. "Nitamshikia mpaka aje."

Alinipima kwa macho. Kisha akauondoa mkono, akajifunika vizuri upande wangu, akasogeza baibui lake nisilikalie.

"Basi ukimwona tu, inuka."

"Nitainuka."

"Babu, kidevu," alisema Raghad kutoka nyuma ya kamera. Niliinua kidevu.

Jumapili, 24 Agosti

Nimempa Raghad kamera aende nayo Mabela. Nimemwandikia kanuni zake katika karatasi. Ile ya kwamba mpiga picha hapigwi sikuiandika.

Jumamosi, 30 Agosti

Leo amehama. Khattab alipakia mabegi tangu asubuhi. Balqis aliniambia tena kwamba kuna chumba changu huko, nami nilimjibu tena kwamba nikikaa huko mama yake atajifunika huko pia. Nitakwenda kila Ijumaa, kama mgeni, kwa kuwa wageni huwapokea kwa furaha.

Kabla Muhsina hajatoka nilimletea picha, imechapishwa kubwa na ina fremu. Niliketi karibu na mlango. Hasina na Balqis walisimama nyuma yake.

Alianza kushoto, kama afanyavyo siku zote. Alitaja jina moja moja. Raghad alimtaja katika picha yake ndogo iliyochomekwa pembeni ya fremu. Alijitaja mwenyewe, akacheka kidogo. Kidole kikasogea kuliani kwake, kikafika kwangu.

Kilikaa hapo muda mrefu. Nilisikia gari la Khattab linanguruma nje.

"Kaka Humaid huyu," alisema.

Balqis alimwuliza polepole, "Umemjuaje, mama?"

"Kakaa pake. Hapa hakai mwingine." Akaipapasa ile sura kwa kidole gumba. "Kazeeka, masikini. Lakini kaja. Yumo." Akaegemea kiti na kuvuta pumzi, kama mtu aliyetua mzigo baada ya safari. "Basi. Wote wamo."

Hakuniuliza tena habari za kaka yake, na Hasina ananiambia kwamba usiku wa kuamkia leo, kabla hata ya kuiona picha, alikwisha lala vizuri. Hilo sijui kulieleza.

Walimwinua. Alipofika mlangoni nilisimama nimpishe. Alivuta mtandio wake, kisha akasita, picha ikiwa kifuani na kidole kimoja bado kimeishika pale kioo kilipofunika uso wangu.

"Bwana wa picha," alisema. "Wewe humo."

Nilimtazama. Hakukuwa na mkato, wala mkazo wa sauti wa kumsaidia msikilizaji. Maneno mawili yenye sura moja. Niliwapa wanafunzi wangu sentensi hiyo miaka yote, na aliyekosa kueleza ni ipi nilimnyima alama.

Alisubiri kidogo, pengine nimjibu, kisha akatoka kwenda garini.

Sikumwomba arudie.